Redio ya intaneti ikikosa ruta: namna ya kuiunganisha na simu

Spika na redio zinazopokea muziki na matangazo kupitia Wi-Fi kwa kawaida hazina laini ya simu ndani yake. Hutegemea ruta ya nyumbani. Ruta ikizimika au bando lake likiisha, redio nayo hunyamaza hata kama ina chaji. Mtandao wa akiba ulio rahisi kupatikana ni simu ya mkononi: simu husambaza data yake kwa Wi-Fi, na redio hujiunga nayo kama inavyojiunga na ruta. Wengi huiita huduma hiyo hotspoti. Kwenye simu za Android zenye menyu ya Kiswahili imeandikwa Mtandaopepe.

Kwanza angalia laini. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, na simu yako ina laini ya kampuni ileile, mnara ukizimika vyote viwili vitakatika pamoja. Laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine. Hata hivyo, kampuni mbili huweza kufunga mitambo yao kwenye mnara mmoja, kwa hiyo chunguza: siku mtandao wa ruta unapokatika, ile laini nyingine inabaki na intaneti?

Kwenye simu, fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, kisha Mtandaopepe. Weka jina fupi na nenosiri utakaloweza kuliandika kwa vitufe vya redio, ukikumbuka kwamba herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Redio nyingi za bei nafuu hukamata masafa ya GHz 2.4 tu, na simu ikitangaza kwa GHz 5 redio haitaliona jina hilo kabisa. Chagua GHz 2.4. Kwenye iPhone 12 na za baadaye, washa palipoandikwa “Maximize Compatibility”. Kama redio inaliona jina lakini inakataa nenosiri ambalo una hakika nalo, tazama aina ya usalama: vifaa vya zamani havielewi WPA3, hivyo weka WPA2.

Redio yenye kioo na vitufe haina shida: tafuta mtandao kwenye menyu yake, chagua jina la simu, andika nenosiri. Spika isiyo na kioo hupangwa kwa programu ya simu, na hapo ndipo watu hukwama. Programu hiyo hutaka simu na spika ziwe kwenye Wi-Fi moja, ilhali simu inayosambaza mtandao mara nyingi haihesabiwi kuwa imejiunga nao. Tafuta simu ya pili. Ya kwanza isambaze mtandao, ya pili ijiunge nao na kuipanga spika.

Vifaa vingine, kama Amazon Echo, hukumbuka mitandao kadhaa na kuhamia ule unaopatikana. Spika za Google hukumbuka mmoja tu, na ili kuhama lazima ufute wa kwanza. Kwa vifaa vya namna hiyo kuna njia ya mkato: ipe hotspoti jina na nenosiri sawasawa na vya ruta, na spika itajiunga bila kupangwa upya. Lakini simu zote za nyumbani zinazoijua ruta hiyo nazo zitajiunga, na bando litaliwa na video za watoto kabla hujasikia taarifa ya habari. Kama kifaa chako kinakumbuka mitandao miwili, tumia jina tofauti.

Gharama inahesabika. Matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa, kwa hiyo GB 1 hutosha kama saa 17. Ya kilobiti 64 hula nusu ya hapo. Muziki wa kilobiti 320 hufika MB 144 kwa saa. Ukilala saa nane redio ikiwa inaimba kwa kilobiti 128, utaamka bando limepungua kwa MB 460 hivi.

Hatari kubwa huja umeme unaporudi. Ruta huchukua dakika chache kuwaka, na redio ambayo tayari imeshika hotspoti huweza kubaki humo siku nzima bila kukuambia, kwa kuwa sauti ni ileile. Ruta ikishawaka, zima hotspoti kwa mkono wako. Simu nyingi za Android zina sehemu ya kuizima yenyewe, ila hufanya hivyo pale tu ambapo hakuna kifaa kilichounganishwa.

Kama unachotaka ni kusikiliza tu, na spika ina Blututhi, unaweza kuacha haya yote: cheza redio kwenye simu na utume sauti kwa Blututhi. Data ni ileile, chaji ya simu hudumu zaidi kuliko kwa hotspoti, na hakuna nenosiri la kuandika. Na pale FM inapokamata vizuri, huhitaji bando lolote.