Utepe wa Kunyumbuka na Uvimbe wa Limfu

Uvimbe wa limfu hutokea pale maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa ya damu yanapokosa njia ya kurudi. Kwa kawaida hurudishwa na mishipa myembamba ya limfu, kupitia tezi za kinena, kwapa na shingo. Njia hiyo ikiziba, mguu au mkono hujaa, ngozi hukomaa ikawa ngumu, na mchubuko mdogo tu huweza kuleta homa kali.

Nchini Kenya tatizo hili linafahamika zaidi pwani, kwa jina la matende, yanayosababishwa na minyoo wanaoenezwa na mbu. Patrick Manson aligundua mwaka 1877, akiwa Amoy nchini China, kwamba minyoo hao hukua ndani ya mbu. Ugawaji wa dawa kwa wakazi wote ulianza Kilifi mwaka 2002. Lakini kaunti ya Makueni, huko Ukambani, haimo katika kaunti za matende. Kwa hiyo mkazi wa Mukuyuni, katika kaunti hiyo, akivimba mkono, chanzo cha kuangaliwa kwanza ni saratani ya matiti au matibabu yake, kwa kuwa upasuaji na mionzi huharibu tezi za kwapa.

Tiba ya kubana na kukanda uvimbe huu ni ya zamani kuliko utepe wa kunyumbuka unaobandikwa kwenye ngozi. Alexander von Winiwarter, daktari mpasuaji kutoka Austria, aliieleza mwaka 1892. Emil Vodder wa Denmark na mkewe Estrid walibuni namna ya kukanda polepole kwa mikono mitupu, wakaitangaza Paris mwaka 1936. Hadi leo bandeji, kukanda, mazoezi na utunzaji wa ngozi ndizo nguzo za tiba hii.

Utepe ulikuja baadaye. Kenzo Kase wa Japani aliubuni miaka ya 1970 kwa ajili ya misuli na viungo, na mashindano ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 yakaufanya ujulikane duniani. Ni kitambaa cha pamba chenye nyuzi za kunyumbuka, na gundi yake imepakwa kwa mawimbi. Kwa uvimbe, kipande hukatwa vidole vinne au vitano kama feni. Shina lake hubandikwa karibu na tezi nzima, kisha vidole hutandazwa juu ya uvimbe bila kuvutwa sana. Ngozi hunyanyuka kidogo kila mgonjwa anapojongea, na nadharia ni kwamba limfu hupata nafasi ya kupita. Utepe hukaa siku tatu hadi tano.

Ushahidi wake si imara. Utafiti wa Taiwan wa mwaka 2009 haukuona tofauti kubwa kati ya utepe na bandeji. Wa Poland, mwaka 2013, uliona utepe umeshindwa. Faida yake iliyo wazi ni wepesi: katika joto la Ukambani, bandeji za tabaka nyingi ni mzigo mzito. Lakini utepe huweza kuwasha ngozi, na haufai kubandikwa penye kidonda, maambukizi au ngozi iliyounguzwa na mionzi.

Ipo njia rahisi zaidi: daktari Gerusa Dreyer, huko Recife nchini Brazili, alionyesha miaka ya 1990 kwamba kuosha mguu wenye matende kila siku kwa sabuni na maji hupunguza vipindi vya homa. Mgonjwa asiye na fedha za utepe aanze hapo, na mwenye nazo abandikiwe na mtaalamu wa fiziotherapia, bila kuacha sabuni.