Duka Liliungua 2008, Kanuni za CRB Zikachapishwa 2008

Wengi wenu mnadhani CRB ililetwa na mikopo ya simu. Hapana. Kanuni zake zilichapishwa Julai 2008, zikaanza kazi Februari 2009. Sasa weka hizo tarehe kando ya historia yetu Chepilat. Mapema 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba, maduka hapa mpakani mwa Sotik na Borabu yalichomwa. Fikiria mtu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na mkopo wa benki. Asubuhi amebaki na mabati yaliyokunjamana, na ule mkopo.

Na kile kitabu kipya kilikuwa cha upande mmoja. Mwanzoni benki zililazimishwa kupeleka habari za walioshindwa kulipa tu. Ilibidi tungoje kanuni za 2013 ndipo wanaolipa vizuri nao waandikwe. Kwa hivyo ukianguka unaonekana, ukiinuka polepole hakuna anayeona. Halafu kitabu hakiulizi ulianguka vipi: aliyechomewa na aliyekula pesa kwa starehe wako kwa mstari mmoja.

Mahakamani angalau kuna mlango. Sheria ya ufilisi ya 2015 inasema aliyetangazwa muflisi anaachiliwa baada ya miaka 3, isipokuwa kuwe na pingamizi. CRB ni tofauti. Ukimaliza deni leo, rekodi inakaa miaka mingine 5, ila inaonyesha umelipa.

Ndiyo maana wale wanaouza “kusafishwa CRB” kwa elfu mbili, tafadhali, wapite. Kinachobadilisha rekodi ni aliyekukopesha kupeleka habari mpya. Nenda kwake, mkubaliane kiasi unachoweza, hata kama ni cha hela ya majani chai ya kila mwezi, na upewe barua. Kisha itisha ripoti yako, ya kwanza kwa mwaka ni bure. Ukiona kosa, una haki ya kulipinga na lirekebishwe.

Novemba 2022 Benki Kuu ilileta mpango wa kurekebisha majina: angalau nusu ya deni inasamehewa, unalipa iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Poa sana, ila ulikuwa wa mikopo ya simu ya siku 30 kushuka chini. Mwenye mkopo wa ng’ombe au wa duka hakuguswa.