Josho, Dawa na Sumu: Historia Fupi ya Kiuakupe

Miongoni mwa maneno ya ufugaji limo moja lipitalo bila ya kuhojiwa, kwa kuwa kila mtu hudhani analijua. Neno hilo ni dawa, pale linapotumika kuyataja majimaji yanayotiwa katika josho ili kuua kupe. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya kitu chenyewe, kisha kuuliza kama jina hili linakifaa.

Josho, neno lililotokana na kitenzi osha, ni birika refu la saruji ambamo ng'ombe hutumbukia, wakaogelea, wakatoka upande wa pili wamelowa mwili mzima. Neno hili halina ila: ni fupi, tena laeleza litendekalo. Mashaka yetu yapo katika yale yaliyomo ndani yake.

Mwaka 1896 sotoka ilivuka mto Zambezi na kuangamiza ng'ombe wengi wa kusini mwa Afrika. Ili kujaza mazizi yao, walowezi wa huko waliagiza ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na pamoja nao, mnamo 1901 na 1902, ukaingia ugonjwa tuuitao ndigana kali. Wao waliuita homa ya pwani ya mashariki, jina linaloonyesha ulikotoka. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika Koloni la Rasi, alithibitisha kwamba mwenezaji wake ni kupe wa kahawia apendaye masikio. Kupe huyo hunyonya kwa siku kadhaa kabla ya vijidudu vya ugonjwa kukomaa katika mate yake. Akiuawa mapema, ng'ombe husalimika. Kuelekea mwaka 1910, Herbert Watkins-Pitchford, daktari wa mifugo wa Natal, alionyesha faida ya kuogesha ng'ombe kila baada ya siku chache katika maji yenye arseniki. Kwa kuogesha, na kwa kuzuia ng'ombe wasihamishwe ovyo, Afrika Kusini iliutokomeza ugonjwa huo katika miaka ya 1950.

Lakini kupe naye hakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko huko Afrika Kusini, kupe wa buluu walionekana kuizoea arseniki. Hali hiyo leo tunaiita usugu. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja kemikali za jamii ya klorini, kama lindeni na toksafeni, na hii ya pili ilitumika sana katika majosho ya Afrika Mashariki. Toksafeni hudumu udongoni kwa miaka mingi, hujikusanya katika mafuta ya mwili, na huua samaki hata ikiwa kidogo mno. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, uliiweka katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani. Mahali pake palikwisha kushikwa na organofosfati, na amitrazi, na pairethroidi zilizoundwa kwa kuiga viini vya ua la pareto.

Sasa tulirudie neno letu. Katika Kiswahili, dawa ina milki pana: tuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya panya. Upana huo ni utajiri wa lugha, wala hatukusudii kuubeza. Hata hivyo, katika josho umeleta madhara ya namna mbili.

Kwanza, dawa huponya, lakini maji ya josho hayamponyi mnyama aliyekwisha kushikwa na ndigana. Dawa halisi za ndigana kali, kama parvakuoni, zilipatikana katika miaka ya 1980, nazo hudungwa kwa sindano. Mfugaji anayeamini kwamba josho lina dawa huenda akampeleka huko ng'ombe mgonjwa, akapoteza siku ambazo zingemwokoa. Pili, dawa haiogopwi. Aliyeambiwa kwamba dumu lilikuwa na dawa haoni sababu ya kutolichotea maji ya kunywa. Angeambiwa lilikuwa na sumu, angelitoboa na kulifukia.

Wataalamu wetu wamekwisha kutuonyesha njia. Wametupatia kiuatilifu kwa kila kemikali ya kuangamiza viharibifu, kiuagugu kwa magugu, na kiuadudu kwa wadudu. Hili la mwisho halitoshi hapa, maana katika elimu ya viumbe mdudu ana miguu sita, na kupe aliyekomaa ana minane. Kwa mfano huo huo, twapendekeza kiuakupe, wingi viuakupe. Asiyewahi kulisikia atalifahamu papo hapo, kwa sababu limebeba kitenzi ua waziwazi.

Hatutazamii kwamba wafugaji wataacha kusema dawa ya kupe wanapozungumza mazizini, wala si kazi ya wanaistilahi kuwakataza. Tunachotaka ni kwamba katika vitabu vya mafunzo, katika sheria, na hasa katika maandishi yaliyobandikwa juu ya dumu, liandikwe neno kiuakupe, na chini yake, kwa herufi kubwa, neno sumu.