Mfupa wa Ishango na Ubishi Uliozaa Hesabu

Mwaka 2025 ilitimia miaka 75 tangu mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt alipoufukua mfupa mdogo wenye mikato huko Ishango, katika eneo la Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Umri wa mfupa huo hukadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi, lakini kilichoupa umaarufu ni ubishi juu ya maana ya mikato hiyo.

Safu ya kwanza ina makundi ya mikato 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Ya pili ina 11, 13, 17 na 19, zote namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ya tatu ina 11, 21, 19 na 9. De Heinzelin aliandika mwaka 1962 kwamba hizo ni dalili za hesabu, kwa kuwa 3 hufuatwa na maradufu yake 6, na 4 hufuatwa na 8, nayo 10 imekaa kando ya nusu yake. Mmarekani Alexander Marshack, aliyeuchunguza mfupa kwa hadubini, alishikilia kuwa ni kalenda ya mwezi, kwa sababu safu mbili hujumlisha 60 kila moja, karibu na miezi miwili ya mwandamo, na iliyobaki 48, karibu na mwezi mmoja na nusu. Wengine waliwapinga wote wawili, na hoja yao nzito dhidi ya dai la hesabu ni kwamba asiyejua kugawanya hawezi kuzitambua namba tasa. Zaidi ya hayo, 5 na 7 za mwisho haziingii katika mpangilio huo wa maradufu.

Mwanafalsafa wa hisabati Imre Lakatos, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1976 baada ya kifo chake, alionyesha kuwa hisabati hukua kwa njia hiyohiyo: dhana hutolewa, hukutana na mfano unaoipinga, kisha hurekebishwa. Alison Pease wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliigeuza nadharia hiyo kuwa programu ya kompyuta katika tasnifu yake ya 2007, akijenga mfumo wa mawakala wengi (programu ndogo zinazojitegemea) uitwao HRL, ambamo mawakala wanafunzi, kila mmoja na mifano yake, hujadiliana chini ya wakala mwalimu. Mbele ya 5 na 7, wakala mmoja angekataa kuwa jozi hiyo ni sehemu ya safu, mwingine angepunguza mipaka ya dhana ya maradufu, wa tatu angeiacha kabisa.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia, na ni dhuluma kwamba vijana wa miji ya Butembo na Beni wauone ugenini ilhali umetoka ardhini mwao. Hata hivyo, safu hizo tatu huandikika ubaoni kwa dakika moja, na swali la 5 na 7 lingali wazi kwa darasa lolote, kuanzia shule za msingi za Beni hadi Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo.