Kilio, Ngoma na Kamati: Mabadiliko ya Mila za Maziko katika Nyanda za Juu Kusini

Katika maandishi mengi yanayohusu mila za Nyanda za Juu Kusini, hasa Mbeya na Iringa pamoja na Njombe na Songwe, mikoa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012 na mwaka 2016, imezoeleka kusemwa kwamba ibada za kale zilikufa pale misheni zilipoingia, au kinyume chake, kwamba zilibaki vilevile zikiwa zimefunikwa tu na joho la mchungaji. Maelezo yote mawili yanarahisisha mno. Historia ya maziko inaonyesha kwamba kilichobadilika upesi ni vitendo, vyakula, idadi ya siku na maneno ya kutamkwa kaburini, ilhali swali la nani anapaswa kuja msibani, na aje na nini mkononi, limeendelea kuulizwa kwa ukali uleule kwa zaidi ya miaka 100, na kila kizazi kimelijibu kwa kuunda kundi jipya la kuubeba msiba.

Picha iliyo kamili zaidi ya maziko ya zamani katika eneo hili ni ile ya Wanyakyusa wa Rungwe, kwa sababu wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwao kati ya mwaka 1934 na 1938, wakati ambapo Wakristo na wasio Wakristo walizikana kwa taratibu mbili tofauti katika vijiji vilivyopakana. Wanyakyusa wa wakati huo walikuwa na mpangilio wa makazi usio wa kawaida hata kwa majirani zao, kwani kijiji hakikuwa cha ukoo bali cha rika. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 au 11 waliondoka kwa baba zao wakajijengea vibanda vyao pembeni, wakawa bado wanarudi kula kwa mama zao, na baadaye wakaoa na kuzeeka pamoja katika kijiji hichohicho walichokianzisha wakiwa watoto. Uhusiano wa watu hao uliitwa *ukwangala*, neno linalobeba maana ya kukaa pamoja kwa furaha, kula pamoja, kunywa pamoja na kuzungumza kama watu walio sawa. Mtu aliyejitenga na ukwangala hakuonekana kuwa mpole wala mtulivu, bali alishukiwa uchawi.

Msiba ndio ulioonyesha kama ukwangala ulikuwa wa kweli. Mtu alipofariki, wanawake waliingia nyumbani wakaizunguka maiti wakilia kwa sauti, na kilio hicho kilikuwa kazi yenye wajibu na zamu, wala hakikuachiwa hisia za mtu mmojammoja. Nje, uwanjani, wanaume walicheza ngoma wakiwa na mikuki, wakikimbia na kurukaruka kama watu walio vitani, na ghadhabu ya kumpoteza mwenzao ikapata mahali pa kutokea. Haikuwa ajabu ngoma hiyo kugeuka ugomvi wa kweli. Ng'ombe walichinjwa, na nyama iligawanywa kwa namna iliyoonyesha kila mtu alisimama wapi kwa marehemu, awe mkwe, ndugu au jirani wa rika. Vijana wa kiume na wa kike nao walitazamana katika ngoma hiyohiyo, jambo lililowashangaza wageni waliodhani kwamba kilio na uchumba haviwezi kukaa uwanja mmoja. Mgeni aliyeona hivyo alikosea, kwa kuwa ngoma hiyo ilikuwa jibu la walio hai kwa kifo, na jibu lenye nguvu kuliko yote ni kwamba watu wataendelea kuoana na kuzaa.

Baada ya kuzika, kazi iliyobaki ilikuwa ya ndugu wa damu. Walikaa ndani kwa siku kadhaa juu ya majani ya migomba yaliyotandazwa sakafuni, wakapewa dawa, wakaoga, kisha majani yale yakakusanywa na kutupwa. Lengo la ibada hii lilikuwa na hatua mbili zinazoonekana kupingana. Kwanza marehemu alifukuzwa, atoke katika ndoto za walio hai na asiwavute kumfuata, kwa sababu iliaminika kwamba asiyetendewa ibada ipasavyo angeweza kuchanganyikiwa akili. Kisha alirudishwa nyumbani kwa heshima, akae mekoni akiwa mmoja wa *abasyuka*, yaani roho za wahenga zinazolinda uzazi na mavuno. Ubora wa mpangilio huu ni kwamba ulikiri wazi jambo ambalo dini nyingi hulipita haraka: mfiwa humpenda marehemu na kumwogopa kwa wakati mmoja, na hisia zote mbili zinahitaji kushughulikiwa.

Mila nyingine za Wanyakyusa za kumvusha mtu kutoka hali moja hadi nyingine zilifuata mantiki hiyohiyo ya kutenga, kusafisha na kurudisha. Kuzaliwa kwa mapacha, *ipasa*, kuliwaweka wazazi katika hatari iliyohitaji kutengwa na dawa. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani pamoja na wenzake katika ibada ya *ubunyago*, iliyounganisha kukua na kuolewa kuwa jambo moja. Kwa upande wa wavulana jando halikuwapo, kwa kuwa Wanyakyusa hawakuwa na desturi ya tohara; kilichokuwa kikubwa zaidi kilikuwa *ubusoka*, tukio lililofanyika mara moja katika kila kizazi, ambapo wazee waliwakabidhi wana wao utawala wa nchi, na watemi vijana wakatolewa hadharani pamoja na rika lao.

Wamisionari waliingia katika mpangilio huu mwaka 1891, pale Wamoravian walipofungua kituo Rungwe na Walutheri wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipojenga upande wa mashariki wa nchi hiyohiyo. Hatua yao yenye athari ndefu kuliko zote huenda ilikuwa ya lugha. Walipotafuta neno la kumtaja Mungu walichagua *Kyala*, ambalo kwa mujibu wa Monica Wilson lilikuwa jina la shujaa wa kale aliyetambikiwa katika pango lililo kando ya Ziwa Nyasa, kama vile Lwembe, shujaa mwingine, alivyotambikiwa katika msitu wa Lubaga. Ndani ya kizazi kimoja au viwili jina la mhenga mmoja likawa jina la Muumba wa wote, na hata wasiobatizwa wakaanza kulitumia hivyo, kiasi kwamba mzee aliyedai anashika dini ya babu zake alikuwa tayari anaitamka kwa lugha iliyopitia kanisani. Lwembe pia kilikuwa cheo cha mtu aliye hai, mtawala mtakatifu ambaye hakuruhusiwa kufa kifo cha kawaida, kwa kuwa alipougua makuhani walimziba pumzi ili uzazi wa nchi usitoweke pamoja naye. Ulipofika wakati wa akina Wilson hapakuwa tena na aliyekubali kusimikwa katika cheo hicho cha kutisha, ingawa sadaka za Lubaga ziliendelea kutolewa. Cheo kilikufa, ibada ikabaki.

Katika maziko, misheni zilikataza ngoma, pombe na dawa, na mahali pake zikaweka nyimbo za dini, sala na tumaini la mbinguni. Akina Wilson walikuta vijiji ambamo upande mmoja uliimba na upande mwingine ulicheza. Ila tofauti hiyo haikuwa kubwa kama wahubiri walivyotaka, kwani Wakristo waliojenga karibu na misheni nao walikuwa na kijiji cha aina yake, chenye kukaa pamoja, kula pamoja na kwenda msibani pamoja, na kwaya ikashika nafasi ambayo zamani ilishikwa na rika lenye mikuki. Mtihani wa jamii hiyo ulikuja mwaka 1916, wamisionari Wajerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita na wazee wa kanisa Waafrika wakabaki kuongoza ibada kwa miaka kadhaa chini ya usimamizi wa mbali wa Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Wengine hawakutaka kungoja ruhusa ya mtu. Kanisa lililoanzishwa mwaka 1925 na Jordan Msumba ng'ambo ya mpaka, Karonga, liliwapokea wenye wake wengi ambao misheni zilikataa kuwabatiza, na makanisa ya aina hiyo yakapata wafuasi Rungwe, yakionyesha kwamba watu hawakuikataa Injili bali walikataa kuambiwa wavunje nyumba zao ili waistahili.

Iringa inatoa kisa cha namna nyingine, ambamo ibada ya maziko iliporwa na dola. Mkwawa, mtwa yaani mtawala wa Wahehe, ambaye majeshi yake yalilishinda jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, alipoteza ngome yake ya Kalenga mwaka 1894 na kujiua kwa bunduki huko Mlambalasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mwili ukazikwa bila kichwa. Kwa watu ambao kaburi ni mahali pa kutambikia, yaani pa kuwalisha na kuwanywesha wahenga na kuzungumza nao, jeraha hilo lilizidi fedheha ya kivita, maana lilivunja mawasiliano ya nchi na mlinzi wake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani, katika kifungu cha 246, ikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi 6, agizo ambalo halikutekelezwa. Ilipasa kusubiri hadi Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, likachaguliwa moja kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya watu wa ukoo, na kukabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 mbele ya Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Jambo la kutafakari katika kisa hiki ni kile kilichofuata. Fuvu halikuunganishwa na mwili Mlambalasi, bali liliwekwa ndani ya kioo katika makumbusho ya Kalenga, ambako wanafunzi na watalii hulitazama. Pameundwa hivyo ibada mpya isiyokuwa na mfano katika mila ya Wahehe, ya mfu anayeonekana, na tambiko limelazimika kujifunza kufanyika katika sehemu mbili, jengo la makumbusho na kaburi lililo karibu na mwamba. Mwamba huo nao una umri wake: uchimbaji wa wanaakiolojia uliofanyika Mlambalasi tangu mwaka 2006 umefukua mifupa ya watu waliozikwa hapo maelfu ya miaka kabla ya kuwapo kwa Wahehe wenyewe, hivyo Mkwawa alifia mahali ambapo binadamu walikuwa wamelaza wafu wao tangu zamani sana.

Nguvu iliyobadilisha maziko ya watu wa kawaida zaidi kuliko mahubiri yoyote ilikuwa safari ya kutafuta kazi. Wanyakyusa walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kupitia Wenela, shirika la kuandika vibarua, migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wahehe na Wabena walikwenda mashamba ya mkonge wakiitwa manamba. Kijiji cha rika hakiwezi kusimama ikiwa nusu ya rika iko mgodini, na ardhi ya Rungwe iliyojaa kahawa na migomba ya kudumu haikuacha nafasi ya watoto kwenda kujijengea kijiji chao; Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 alikuta mpangilio ule umekwisha kubomoka. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, zikaongeza jambo lingine: maiti ikaanza kusafiri. Pamoja na chumba cha kuhifadhia maiti hospitalini, jeneza na gari la kukodi, maziko yaliyokuwa yakifanyika upesi sana yakaweza kusubiri siku 3 au 4 mpaka mtoto afike kutoka Dar es Salaam, na kungoja huko kukawa ibada yenye gharama yake.

Kisha ukaja UKIMWI. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 hadi 2008 Iringa, ikiwa bado pamoja na Njombe, ilikuwa na asilimia 15.7 ya watu wazima wenye maambukizi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa chini ya asilimia 6. Mahali ambapo jeneza lilifuata jeneza, kukaa matanga kwa wiki nzima kulimaanisha shamba lisilolimwa, na siku za msiba zikapunguzwa, si kwa sababu watu waliwajali wafu wao kidogo bali kwa sababu wafu walikuwa wengi mno. Ugonjwa huohuo ulileta tohara katika nchi isiyokuwa na jando: baada ya tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi kwa mwanamume kwa takribani asilimia 60, serikali iliiweka Iringa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ya mpango wa tohara ya hiari ya kitabibu. Maelfu ya vijana wakavuka mpaka ambao kwa makabila mengine huvukwa kwa nyimbo na mafundisho ya wazee, wao wakiuvuka katika foleni ya zahanati na kurudi nyumbani na karatasi ya tarehe ya kuangaliwa kidonda. Hapa mwili ulibadilishwa bila ibada, na ni haki kuuliza ni nani aliyewafundisha vijana hao maana ya utu uzima.

Msiba wa leo Tukuyu au Iringa mjini huanza kwa kamati. Kabla turubai halijafungwa huteuliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na daftari la rambirambi hufunguliwa mezani, kila mchango ukiandikwa pamoja na jina la mtoaji, kwa kuwa fedha hiyo ni deni litakalorudishwa siku ya msiba wake. Jumuiya ndogondogo kwa Wakatoliki, kwaya na umoja wa wanawake kwa Wamoravian na Walutheri, huja kwa zamu. Wanaume huchimba kaburi, wanawake hupika ugali, maharage au ndizi katika masufuria makubwa nyuma ya nyumba. Kabla ya kwenda kaburini husomwa wasifu wa marehemu, utanzu mpya kabisa wa fasihi simulizi ulioazimwa kutoka ofisini, wenye tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, ugonjwa na idadi ya watoto na wajukuu. Katika maeneo ya Rungwe kaburi lenyewe bado huchimbwa mara nyingi karibu na nyumba, migombani, likafunikwa saruji au marumaru. Na asiyefika msibani kwa wenzake, hata awe tajiri kiasi gani na hata akituma fedha kwa simu, huandikwa mahali pengine pasipo na karatasi, na siku yake ikifika wachimbaji wa kaburi huchelewa kufika.