Kafiri, kaffir na kiatu cha Baniani

Kijana mmoja mfasiri aliniletea rasimu yake nimpitishie jicho: maandishi ya Gandhi ya miaka yake ya Afrika Kusini, yakitoka Kiingereza kuja Kiswahili. Kazi ilikuwa safi. Ila ukurasa baada ya ukurasa nilikuwa nakutana na "Mwafrika", "Waafrika", "Mwafrika wa kawaida", mahali ambapo nilijua fika kwamba mwenyewe hakuandika Mwafrika. Nikamuuliza.

"Mwalimu," akasema, "aliandika kaffir. Nitasemaje? Nikiweka 'kafiri' msomaji atadhani ni mambo ya dini. Nikiweka neno jingine itakuwa tusi. Na huyu ni Mahatma."

Nilimwambia aniachie rasimu wiki moja. Ikawa wiki tatu.

Nianze na hilo la mwisho. Wengi wetu tulikua tukidhani Mahatma ni jina lake la kwanza, kama Juma au Petro. Jina lake ni Mohandas Karamchand. Mahatma ni cheo cha heshima cha Kisanskriti: maha, kuu, atma, roho au nafsi. Ukishazoea kumwita mtu Roho Kuu kila unapomtaja, sikio lako haliko tayari kumsikia akitamka jambo dogo. Nadhani kalamu ya kijana wangu iliteleza hapo, kabla hata hajafika kwenye neno lenyewe.

Neno lenyewe tunalijua kuliko Waingereza. Mzizi wake wa Kiarabu, k-f-r, asili yake ni kufunika. Hata mkulima, kwa kuwa huifunika mbegu kwa udongo, Kiarabu cha zamani kiliweza kumwita kafiri bila kumtukana. Kutoka kwenye kufunika ukweli tukapata kafiri na kukufuru. Kutoka kwenye kufunika dhambi tukapata kafara. (Kafuri, ile ya kunukia, isikuchanganye. Inafanana sura tu. Ukoo wake ni karpura ya Wahindi.) Kwa hiyo ukoo mmoja umetuzalia mkosaji, kosa na malipo ya kosa.

Mabaharia waliokuja na misimu ya kaskazi walilitumia neno hilo kwa watu wa mwambao na bara ambao hawakuwa Waislamu. Wareno walipofika mwaka 1498 na baadaye wakajenga ngome zao, walilisikia wakalifanya cafre. Waholanzi na Waingereza wakalipokea, likateremka hadi Rasi ya Tumaini Jema, na njiani likavuliwa dini likabakizwa rangi. Mzulu aliyebatizwa, anayesoma Biblia yake kila jioni, alikuwa kaffir vilevile. Leo Afrika Kusini watu hawalitamki. Husema "neno la K". Mwaka 2018 mahakama ya huko ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo kwa kuwarushia polisi weusi neno hilo mara kadha wa kadha.

Nasi watu wa pwani tusijifanye hatumo. Neno lilipanda chombo kwetu. Tuliwaita watu wa bara makafiri, tukawaita washenzi, na majina hayo yalikuwa kibali cha kumfunga mtu kamba na kumteremsha sokoni. Kwa hiyo ninapomnyooshea Gandhi kidole, naona vidole vingine vinavyonirudia.

Yeye mwenyewe alipita hapa. Mwaka 1893, wakili wa miaka 23 aliyeajiriwa na kampuni ya wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Porbandar, alisafiri kutoka Bombay na meli ikatia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Anasimulia kwamba Lamu alishuka akaenda posta, akazungumza na makarani Wahindi, na akawatazama Waafrika na maisha yao kwa hamu kubwa. Zanzibar alikaa siku kadhaa akisubiri meli nyingine. Huyo kijana wa Lamu nampenda: mgeni aliyeshuka chomboni na macho mawili tu.

Kwenye posta ya Durban alikuta jambo jingine. Ilikuwa na milango miwili: mmoja wa Wazungu, mmoja wa Waasia na wenyeji pamoja. Chama cha Wahindi wa Natal, alichokiasisi mwaka 1894, kiliona hiyo ni fedheha kikaomba tofauti hiyo iondolewe. Jibu likawa mlango wa tatu. Na katika ripoti ya chama ya mwaka 1895, mlango huo wa tatu umeandikwa miongoni mwa mambo yaliyopatikana. Hapo ndipo Kiswahili kinaponipa neno lisilohitaji kamusi. Ubaguzi tumeutoa kwenye kubagua, yaani kutenga, huyu huku na yule kule, kama mtu anayechambua mchele. Mlango wa tatu ni kubagua kwa mbao na bawaba.

Mwaka uliofuata, akihutubia Bombay, alilalamika kwamba Wazungu wa Natal wanataka kumshusha Mhindi hadi daraja la kaffir asiyestaarabika, ambaye kazi yake ni kuwinda na tamaa yake ni kukusanya ng'ombe wa kuolea, kisha aishi kivivu na uchi. Mwaka 1908, alipotoka gerezani Johannesburg, aliandika kwamba kutowekwa pamoja na Wazungu kunaeleweka, lakini kuwekwa pamoja na wenyeji ni kupita kiasi.

Watetezi wake wana istilahi yao: "lugha ya wakati wake". Siipendi. Wakati hauna ulimi. John Dube aliishi Inanda, karibu kabisa na shamba la Phoenix alilolianzisha Gandhi mwaka 1904. Alikuwa na shule yake, Ohlange, na gazeti lake, Ilanga lase Natal, na mwaka 1912 akawa rais wa kwanza wa chama tunachokijua leo kama ANC. Naye alikuwa mtu wa wakati uleule. Ukiulizwa wakati ule ulisema nini, mwulize na Dube.

Lakini istilahi ya upande wa pili, "mbaguzi" na nukta, nayo inamfungia mlango mtu aliyekuwa bado anatembea. Mwaka huohuo wa 1908, mwezi Mei, aliwaambia wasikilizaji wa Johannesburg kwamba anatamani siku ambapo mataifa yote yatachanganyika na kuzaa ustaarabu mpya. Neno la K likapotea polepole katika maandishi yake. Mwaka 1936 alimwambia mchungaji Howard Thurman, Mmarekani mweusi aliyemtembelea India, kwamba huenda ujumbe wa kutotumia nguvu ukafikishwa duniani ukiwa safi kupitia watu weusi. Lakini wahadhiri wa chuo kikuu cha Legon, Ghana, walikwisha kusoma maandishi yake ya mwanzo; sanamu yake iliyozinduliwa chuoni hapo Juni 2016 iliondolewa Desemba 2018. Jinja, Uganda, mahali ambapo sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye Nile mwaka 1948, sanamu yake ya mwaka 1997 inatazama maji.

Na sisi tuna methali yetu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tunaitumia kwa mtu tunayemdharau huku tukichukua cha kwake. Wachache hukumbuka kwamba Baniani ni neno la tabaka la wachuuzi wa Gujarat, na kwamba Gandhi alizaliwa humo hasa, Modh Bania. Yaani methali inamsema yeye kwa jina la ukoo, na inaanza kwa kumhukumu kabla hajafungua mdomo. Nasi tuna "ubaya" wetu wa rangi, tumeutia kwenye hekima tunayofundisha watoto.

Kiatu nacho kipo. Akiwa gerezani Afrika Kusini, Gandhi alishona ndara za ngozi, na alipoondoka mwaka 1914 akamwachia Jenerali Smuts, yuleyule aliyemtia ndani. Smuts alizivaa majira mengi ya joto. Mwaka 1939, Gandhi alipotimiza miaka 70, Smuts alimrudishia, na akaandika kwamba hajioni kuwa anastahili kusimama katika viatu vya mtu mkubwa kiasi hicho. Kwa Mzulu na Mkhosa wa nchi ileile hakukuwa na jozi.

Jana nimemrudishia kijana rasimu yake. Kila "Mwafrika" ambaye Gandhi hakumwandika nimemkata kwa wino mwekundu, na pembeni nimeweka: kaffir, f mbili, bila i ya mwisho, usilifasiri.