Jina Moja la Ukoo, Babu Mmoja?



Posa ikija nyumbani, suali la kwanza la wazee wetu Zanzibar ni "Mtoto wa nani huyo?" Na akiwa kijana ana jina la ukoo sawasawa na la biharusi, nyumba nzima hutulia: huyu wetu, damu moja. Sisi tunaoshona nguo za harusi tunayasikia haya kila msimu. Tunaona kuna suali limerukwa: jina hilo limemfikia vipi yeye, na limetufikia vipi sisi?

Tuanze na jepesi. Wengi wetu tuna majina matatu, letu, la baba na la babu, kisha skuli na ofisi zikalifanya la mwisho kuwa la ukoo. Fatma Juma Haji na Asha Ali Haji wakikaa dawati moja huonekana ndugu, kumbe Haji mmoja ni wa Makunduchi na mwengine wa Nungwi. Majina kama Makame, Ussi, Vuai na Mcha yanaweza kukuonyesha upande wa kisiwa. Mtu mwenyewe hayakuonyeshi.

Nisba ni jambo jengine. Busaidi, Barwani, Harthi na Mazrui ni makabila yaliyotoka Oman. Jamalilail ni masharifu wenye asili ya Hadhramaut, na wengine wao walipitia Ngazija kabla ya kufika Lamu na Unguja. Shirazi inataja mji wa Uajemi, lakini wengi wanaojiita hivyo wazee wao wamezikwa hapa hapa visiwani kwa vizazi visivyohesabika. Jina hilo lilikuwa na uzito hata likaingia katika jina la chama, Afro-Shirazi, mwaka 1957.

Sasa, nisba moja inaweza kuingia nyumbani kwa milango mitatu. Wa kwanza ni mtoto wa ndoa, huyo hana maneno.

Wa pili ni mtoto wa suria. Kwa sharia, suria akimzalia bwana wake, mtoto ni huru, anarithi na anachukua nasaba ya baba yake sawa na ndugu zake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa 1844, mama yake alikuwa suria aliyetoka nchi za Kaukazi. Sultani Barghash, ndugu yake, mama yake alikuwa Muhabeshi. Wote wawili ni Busaidi kamili. Ukilifuata jina peke yake utafika Oman na hutofika Uhabeshi, na nusu ya mtu itakuwa imekupotea. Jina la ukoo halimtaji mama, na hili sisi wanawake tungelishangaa zamani.

Mlango wa tatu ndio unaonyamazisha wazee. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Mwaka 1897 Sultani Hamoud akatoa amri iliyowapa watumwa njia ya kudai uhuru wao, na masuria wakangoja mpaka 1909. Wengi walioachwa huru, wenye asili ya Kiyao, Kinyasa, Kimanyema na kwengineko, walibaki katika mashamba yale yale, na wako walioitwa kwa nisba ya nyumba ya bwana. Wajukuu wakazaliwa nayo, wakasoma nayo, na leo wanasaini nayo.

Sharia inaujua uhusiano huo na inauita walaa. Una haki zake, hata katika mirathi pale asipokuwepo ndugu, lakini si nasaba. Zayd bin Haritha, aliyeachwa huru na Mtume (s.a.w.), watu walimwita Zayd bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab, ikaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Na wale ambao baba zao hawajulikani, aya inawataja kuwa ni ndugu zetu katika dini. Dharau haimo humo.

Lakini nyumbani kwetu dharau imo. Tumeona posa zikivunjwa kwa mnong'ono mmoja tu, "jina lile walipewa," na watu wazima wakiitaja kufu kama kwamba ni kisu. Hao wamsome Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi. Wanaume wawili wakubwa walimposa, na Mtume akamshauri aolewe na Usama, mtoto wa Zayd huyo huyo. Kwanza hakupenda, kisha akakubali, na mwenyewe akaeleza kheri aliyoipata.

Kwa hivyo tunaotafuta ukoo tutafute kweli yote, si ile ya kujivunia tu. Na wanawake tuna nafasi nzuri kuliko tunavyodhani. Kwetu mwanamke haachi jina la baba yake akiolewa, kwa hivyo shangazi wa babu anaweza kukutwa na nisba yake katika karatasi za wakfu, mirathi na mashamba ya karafuu. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinahifadhi mengi ya zamani, na masanduku ya nyumbani yana hati zilizokunjwa miaka.

Kabla ya Kilimani, lakini, kaeni na bibi. Msimuulize "sisi kabila gani?" kwa sababu jibu la hilo ameshalipanga. Muulizeni mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake alizaliwa shamba gani, alikuja na nani, alisema lugha gani akikasirika. Muulizeni pia nani alimnyonyesha nani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliyenyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili ni mtoto wa mama huyo, na watoto wa mama huyo ni ndugu zake, hawaoani. Hayo hayaandikwi katika cheti chochote, na bibi wanaoyakumbuka wanapungua kila Ramadhani.